Je, wajua kwa nini utando wa kaboni mgumu karibu kama almasi hujibandua wenyewe?

Mchana mmoja wa Oktoba, jua la Dodoma likiwa kali, vigae vya sebule moja huko Nkuhungu viliinuka kwa kishindo, viwili vikaegemeana kama paa la banda la kuku, na hapakuwa na mtu aliyevikanyaga. Fundi alikuwa amevipanga vikigusana, bila kuacha hata upenyo wa njiti ya kiberiti; vilipotanuka kwa joto vikakosa pa kwenda ila juu.

Hivyo ndivyo unavyobanduka utando wa kaboni unaofanana na almasi, ambao viwanda huupaka kwenye nyembe, diski za kompyuta na vipuri vya injini ili visilike, isipokuwa utando huo hauhitaji jua, kwa kuwa huzaliwa ukiwa umebanwa. Watafiti Aisenberg na Chabot waliutangaza mwaka 1971 nchini Marekani. Ndani yake atomu hazina mpangilio wa fuwele: baadhi zimeshikana na jirani wanne kama katika almasi, nyingine na jirani watatu kama katika grafiti ya penseli.

Ili jirani wanne wapatikane kwa wingi, ayoni za kaboni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, hurushwa kwa kasi ndani ya chumba kisicho na hewa, kila moja ikiwa na nishati ya takriban elektronivolti 100 (kipimo cha nishati ya chembe ndogo sana), nazo hupenya chini ya uso wa utando mahali palipokwisha kujaa. Anayejua soko la Kibaigwa ameona lumbesa: gunia lililoshindiliwa mahindi kupita kiasi hadi likawa gumu kama gogo, huku mshono ukilemewa. Ugumu na mkazo wa utando huu, yaani msukumano wa ndani yake, navyo huletwa na kushindilia kulekule. Nishati ikiwa ndogo, atomu hutua juu tu. Ikizidi mno, joto la mgongano hulegeza palipobanwa.

Katika utando mgumu zaidi mkazo huo hufika gigapaskali 10, yaani karibu mara 50,000 ya upepo wa tairi la gari dogo. Usiufananishe na tope la Bahi linapokauka, kwani tope husinyaa, likavutika na kupasuka, ilhali utando huu unasukumana. Kibamba chembamba cha silikoni, ile ya chipu za kompyuta, kilichopakwa utando huo hubinuka, upande uliopakwa ukitokeza nje, na kutokana na mbinuko huo mkazo hukokotolewa kwa kanuni ambayo mtafiti Stoney aliitoa mwaka 1909.

Nishati iliyofungiwa huongezeka kadiri unene unavyoongezeka, na mkazo ukiwa maradufu nishati huwa mara nne, lakini nguvu inayoushikiza utando kwenye kitu kilicho chini yake haiongezeki kamwe. Nishati ikiizidi nguvu hiyo, utando huumuka na kufanya mikunjo inayojipinda kama waya wa simu ya mezani. Ndiyo maana tando ngumu sana kwa kawaida hazifiki hata mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa maabara ya Sandia, Marekani, walionyesha kwamba kuupasha utando joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi kwa dakika chache huondoa karibu mkazo wote, kwa kuwa atomu chache tu hubadili vifungo kutoka vinne kuwa vitatu, na ugumu haupungui sana. Kwa silikoni dawa hiyo inafaa. Chuma kilichofanywa kigumu hupoteza ugumu wake katika joto hilo, kwa hiyo vipuri vya chuma hutangulizwa tabaka la kromiamu au titani ili utando ushike vizuri zaidi, nao hupakwa mwembamba.