Panya Aliyepona Kisukari Si Wewe

Kila Novemba 14 inapokaribia, Siku ya Kisukari Duniani, tunapokea swali lilelile: "Dawa imeshatibu panya, mbona mnatuficha?" Hakuna anayeficha. Tuelewane kwanza huyo panya ni nani.

Katika majangwa ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati yupo panya wa mchanga, kwa jina la kitaalamu Psammomys obesus. Kwao hula majani ya vichaka vya chumvichumvi, yenye maji mengi na nguvu kidogo, na kisukari hakijui. Miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwachukua panya hao kutoka Misri wakawalisha chakula cha kawaida cha maabara, kilekile ambacho panya weupe hula bila kudhurika. Wengi walinenepa, sukari ikapanda, wakaota mtoto wa jicho. Hawakuchomwa sindano wala kupewa sumu. Ni chakula tu.

Huku kwetu yupo panya wa nyasi, Arvicanthis niloticus, anayepatikana Kenya, Uganda na hata Tanzania. Naye akifugwa kwa chakula cha maabara, wengi wao hupata kisukari. Thamani yake kubwa ni kwamba hutembea mchana. Panya wengi wa maabara ni wa usiku, na macho yao yana seli chache za kuonea rangi na mwanga mkali. Huyu anazo nyingi, ndiyo maana wanaochunguza jinsi sukari inavyoharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, wanampenda.

Panya wa maabara wa ile aina ndogo ni habari nyingine. Hupewa lishe ambayo mara nyingi asilimia 60 ya nguvu yake inatokana na mafuta. Atanenepa, insulini, homoni inayoshusha sukari, itafanya kazi kwa shida, lakini sukari yake haipandi sana, na figo huharibika kidogo tu. Kwa hiyo baadhi ya watafiti humwongezea dozi ndogo ya streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hata hapo, panya hana makula, ile sehemu ya katikati ya retina ambayo ikivimba mgonjwa hawezi kusoma. Tena anaishi miaka miwili hivi, wakati figo za binadamu huweza kuchukua miaka kumi na zaidi kuharibika. Sasa mtu anasoma kichwa cha habari, anatupa metformini, dawa yake ya kisukari. Jamani!

Kuhusu taratibu, maana wapo wanaodhani mtafiti anakamata panya darini na kuanza kazi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mtafiti huandika andiko, akaeleza idadi ya panya na kwa nini wasiwe pungufu ya hapo, lishe watakayopewa, nani atawapima sukari na kila baada ya muda gani, maumivu yatapunguzwaje, na panya akidhoofika kiasi gani atasitishiwa mateso. Andiko hupita kamati ya maadili. Likirudishwa, linarekebishwa na kuletwa upya. Kulirekebisha kwa simu hakuruhusiwi. Akibadili lishe katikati ya kazi, anaomba kibali upya, hata kama ameongeza mafuta tu. Asipofanya hivyo utafiti husimamishwa. Sampuli zikienda nje ya nchi, kunahitajika mkataba wa kuzihamisha, nao usainiwe kabla ya safari, si baada.

Anayeuza dawa ya asili naye ana utaratibu wake, kupitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwombe namba ya usajili. Akikujibu kwa picha ya panya, ondoka.

Dawa zako usiache bila daktari kukwambia. Na siku ya kliniki, vua viatu umwombe aangalie nyayo zako, hata kama hajauliza. Ganzi ya miguuni huanza kimyakimya, na wengi mnatuletea kidonda kikiwa na wiki tatu.