Sifa za kuaminiwa: nyanya ya kilimo hai inathibitishwaje?

Nyanya ukiibonyeza utajua kama imeiva, na ukiila utajua kama ni tamu. Ila kama ililimwa bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali, hilo hulijui hata ukishaimaliza.

Mwaka 1973 wachumi Michael Darby na Edi Karni walizipa jina sifa za aina hii. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita sifa za kuaminiwa: mnunuzi hazioni kabla ya kununua na hazigundui baada ya kutumia. Mfano wao mmoja haukuhusu chakula kabisa, ulihusu upasuaji wa kidole tumbo. Mgonjwa akishapona, atajuaje kama kweli kilistahili kutolewa?

Anayenunua chakula cha kilimo hai, basi, anawaamini watu asiowajua: mkulima, msafirishaji, muuzaji na juu yao mkaguzi. Wengi humdhania mkaguzi kuwa mtu wa maabara. Vipimo vipo, lakini peke yake havitoshi. Zao la kawaida linaweza kutokutwa na masalia ya dawa, na zao la kilimo hai likakutwa nayo kwa sababu upepo uliyaleta kutoka shamba la jirani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni karatasi: stakabadhi za mbegu, daftari la mavuno, hati za mauzo. Aliyevuna tani 10 akauza tani 15 ana maswali ya kujibu. Udanganyifu hapa mara nyingi hunaswa kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Lebo yenyewe inasaidia kidogo kwa anayeisoma. Kwenye vyakula vyenye nembo ya Umoja wa Ulaya, lile jani lililochorwa kwa nyota, huandikwa pia msimbo wenye herufi za nchi na namba ya taasisi iliyokagua. Bila msimbo ule, jani ni pambo tu.

Jambo linalochanganywa sana ni kudhani kwamba “hai” maana yake “salama”. Nembo inaeleza jinsi chakula kilivyozalishwa. Vijidudu vina kanuni zake nyingine. Mwaka 2011 bakteria aina ya E. coli alizuka Ujerumani, akaua watu zaidi ya 50 na kuwafanya maelfu waugue. Mwanzoni mamlaka zilinyooshea kidole matango kutoka Hispania. Uchunguzi ulipoendelea, njia ikaelekea kwenye mbegu za uwatu zilizochipuzwa kwenye shamba la kilimo hai kaskazini mwa Ujerumani kwenyewe. Nembo ya shamba haikuwa imeahidi lolote kuhusu bakteria. Ila tangazo la mamlaka, nalo ni la kuaminiwa tu kwa mlaji asiye na hadubini, lilikuwa limekosea, na matango yasiyo na hatia yalikuwa yameshamwagwa.