Gorila Akiambukizwa Mafua: Maswali na Majibu

Mafua ya binadamu yanaweza kweli kumpata gorila?

Yanampata, na yakimpata hayana mzaha. Gorila wa milimani wanafanana nasi sana kimwili, ila hawajakua wakipokezana virusi kama sisi tunavyopokezana kwenye daladala na madarasani. Mwaka 2009 nchini Rwanda, kundi la Hirwa lilikuwa na gorila 12, wakaugua 11. Jike mmoja mzima na kichanga cha siku chache wakafa. Vipimo vilionyesha metanyumovirusi, virusi vya binadamu ambavyo mtu mzima mwenye afya akivipata hunywa chai ya tangawizi akaenda kazini.

Sokwe-mtu nao hawako salama. Mwaka 2013, kundi la Kanyawara katika msitu wa Kibale, Uganda, lilipoteza sokwe 5 kati ya 56 kwa virusi vya mafua ya kawaida kabisa. Kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2019, gorila wa milimani walikuwa 1,063 tu, wote wakiishi kwenye msitu wa Bwindi na safu ya milima ya Virunga, pale Rwanda, Uganda na Kongo zinapopakana. Ugonjwa ukiingia humo, hakuna akiba ya gorila mahali pengine.

Nani hugundua kwamba gorila anaumwa?

Wafuatiliaji, si daktari. Hao huingia msituni kila asubuhi, wakaanzia kwenye viota vya usiku uliopita na kufuata nyayo hadi walipo. Wanamjua kila mmoja kwa mikunjo ya pua yake, kwa hiyo kamasi iliyogandia puani wanaiona upesi. Husikiliza kikohozi. Humwangalia anayebaki nyuma kundi linapoondoka, au aliyejikunyata wenzake wakimenya mashina.

Daktari akija naye huanza kwa kuokota. Huchukua kinyesi kilichoachwa viotani, na vipande vya mimea vilivyotafunwa kisha vikatemwa, maana vina mate. Kwa glavu mkononi hukata ile sehemu yenye alama za meno na kuitia kwenye kichupa. Sampuli imepatikana na mgonjwa hajaguswa.

Basi akigundulika, anapewa dawa gani?

Mara nyingi hapewi kitu, na hili huwaudhi watu wengi. Mafua hayana dawa ya kuua virusi vyenyewe, kwa gorila kama kwa mtu. Tena madaktari wa gorila wana kanuni yao: wanaingilia kati pale tu maisha yanapokuwa hatarini, au tatizo likiwa limeletwa na binadamu, mathalani kitanzi cha waya mguuni. Wengine huachiwa mwili upambane, huku wakiangaliwa kila siku.

Kinachoua zaidi ni kile kinachofuata nyuma ya virusi. Bakteria huvamia mapafu yaliyokwisha kudhoofika, ikawa nimonia. Hapo ndipo antibiotiki inaporushwa kwa bunduki ya sindano, kwenye paja au bega. Bunduki hufichwa hadi dakika ya mwisho, kwa sababu gorila aliyewahi kudungwa haisahau. Sindano ikishamwaga dawa hudondoka, na wafuatiliaji hulazimika kuitafuta majanini, asije mtoto akaichezea.

Kumlaza usingizi ni hatua nzito zaidi. Dume mgongo-fedha, yaani kiongozi wa kundi, hakai kando akitazama jike wake akianguka. Wafuatiliaji husimama kati yake na daktari muda wote wa matibabu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Kwa nini asitengwe, au apelekwe hospitali?

Ukimtoa mmoja umevuruga kundi zima, na huenda asipokelewe akirudi. Tena kufikia siku anayoanza kukohoa, wenzake wameshalala naye na kuchambuana manyoya.

Kwenye bustani za wanyama mambo ni tofauti. Januari 2021 gorila wa San Diego Zoo Safari Park, Marekani, walipata UVIKO-19, na dume mzee aitwaye Winston akatibiwa kwa kingamwili za maabara. Msituni huna kitanda wala dripu, na mgonjwa ana jamaa wanaouma.

Na chanjo?

Imewahi kutolewa. Mwaka 1988 nchini Rwanda, baada ya vifo vilivyodhaniwa kuwa vya surua, gorila walichanjwa kwa sindano za kurushwa. Lakini kila chanjo ni kumkimbiza mnyama mmoja msituni kwa bunduki, na virusi vya mafua ni vya aina nyingi. Chanjo wanazopata watu wanaoishi jirani na hifadhi huwakinga gorila pia, kwa gharama ndogo zaidi.

Nimeshalipia kibali cha kwenda kuwaona gorila, nina mafua kidogo tu. Niende?

Usiende. Najua kibali cha Rwanda kwa watalii wa kimataifa ni dola 1,500 na inauma. Mwambie mwongozaji kabla hamjaanza kupanda, kwa sababu hifadhi zina utaratibu kwa wanaougua. Kumeza vidonge vya kukausha kamasi ili usishtukiwe ni kosa, kwa kuwa virusi bado unavitoa. Walio wazima nao wavae barakoa iliyofunika pua, wasikaribie chini ya mita 10 (zamani zilikuwa 7), wala wasizidishe ile saa moja. Kohozi usiteme, hata ukiwa mbali.

Gorila ameingia shambani kwetu, au tumekuta mzoga. Tufanyeje?

Aliye hai msimzingire wala msimtupie ndizi. Rudisheni watoto na mbwa nyumbani, mpigieni askari wa hifadhi. Alichotafuna au kukinyea msikiguse kwa mikono mitupu.

Mzoga msiusogeze, msiuchune, na nyama yake isiliwe kabisa. Huko Gabon na Kongo-Brazzaville, Ebola iliua gorila wengi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadhi ya watu waliugua kwa kushika mizoga ya msituni. Aliyekwisha kuugusa anawe kwa sabuni na maji mengi, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na aseme wazi alichoshika, hata kama anaogopa kuulizwa alikuwa akifanya nini hifadhini.