Maandamano Uganda: maneno ya mtaani na yaliyotokea kweli

"Uganda maandamano hayajawahi kuleta kitu." Hii ndo naisikia zaidi, na anayeisema huwa ana kipimo kimoja tu, je Mzee, yaani Rais Museveni, ametoka Ikulu? Kama hajatoka basi eti tulipoteza muda. Lakini watu hawaandamani kwa sababu ya kiti cha rais peke yake. Chukua Mabira, Aprili 2007. Serikali ilitaka kumpa mwenye kiwanda cha sukari cha Lugazi karibu hekta 7,100 za msitu, yaani robo hivi, alime miwa. Watu wakajaa barabarani Kampala, wengine wakagoma kununua sukari ya Lugazi, ufalme wa Buganda na kanisa wakasema wana ardhi nyingine wako tayari kutoa, na mwaka huohuo mpango ukawekwa chini. 2011 ukafufuliwa, kelele zikaanza upya, na msitu haukugawiwa. Ni kweli wakata miti bado wanaumega kila siku lakini hiyo ni kesi nyingine.

Ile ya kodi ya 2018 mimi naihesabu nusu ushindi. Kuanzia 1 Julai ilikuwa shilingi 200 kwa siku ndo ufungue Facebook na WhatsApp, halafu asilimia 1 kwenye mobile money, watu wakatoka barabarani, Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa mbunge, akiwemo, tiagasi (gesi ya machozi) kama kawaida, na baadaye Bunge likashusha ile ya mobile money hadi nusu asilimia na ikabaki kwenye kutoa pesa tu. Ile ya 200 ilikufa 2021, nadhani VPN, zile app za kuikwepa, ziliiua zaidi kuliko mabango, na badala yake wakatuwekea asilimia 12 kwenye bando, banange!

Na kuna zilizofeli kabisa tusidanganyane. Togikwatako ya 2017, yaani "usiiguse" katiba, vitambaa vyekundu kila mahali, wabunge wakarushiana viti, na bado tarehe 20 Desemba kura zikawa 317 kwa 97 na kikomo cha umri wa rais kikaondoka.

"Lazima upewe ruhusa na polisi." Hapana, na hapa hata watu waliosoma wanakosea. Katiba ya 1995 ibara ya 29 inakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. 2008 Mahakama ya Katiba, kwenye kesi ya Muwanga Kivumbi, iliiondolea polisi nguvu ya kukataza mikutano, serikali ikairudisha kwa mlango wa nyuma kupitia sheria ya mikutano ya 2013, na Machi 2020 mahakama ikafuta kifungu cha 8 cha sheria hiyo. Kinachotakiwa ni kuwapa polisi taarifa mapema, wakusaidie na magari na njia. Sasa karatasi ni karatasi na barabara ni barabara, Julai 2024 vijana waliotaka kwenda Bungeni kupinga ufisadi walizolewa kwa makumi, wakashtakiwa kwa kero kwa umma, wengi wakalala rumande. Kwa hiyo ukiambiwa "hamna ruhusa" ujue ni nguvu inaongea, sio sheria.

"Bila kuchoma matairi hawasikii." Mtafiti Mmarekani Erica Chenoweth na mwenzake Maria Stephan walipitia harakati 323 za kuanzia 1900 hadi 2006, zile za amani zilifaulu asilimia 53, za silaha 26. Wengi hukimbilia ile namba ya Chenoweth ya asilimia 3.5 ya wananchi kuingia barabarani, kwetu hiyo ni kama watu milioni 1.6, wakidhani wakifika tu basi serikali inaanguka, mbona Bahrain walipita hapo na haikuanguka. Na zile zilikuwa harakati za kuangusha utawala au kumfukuza mkoloni, sio za kodi. Na vurugu zina gharama, hapa nyumbani Novemba 2020, Bobi Wine alipokamatwa Luuka akiwa mgombea urais, serikali yenyewe ilikiri watu 54 walikufa, na wengine walikuwa wapita njia tu.

"Mmeiga Kenya," yaani wale vijana wa Gen Z walioandamana huko 2024. Jamani, 1949 wakulima wa Buganda waliinuka wakitaka wachambue pamba yao wenyewe na wachague machifu wao. Mwingereza akawakandamiza vibaya, lakini 1952 ikaja sheria ya kuruhusu vyama vya ushirika kununua vinu vya kuchambulia pamba. Hapo Gen Z hata bibi zao walikuwa watoto.

Ya mwisho ni ya wanaodhani kuandamana ni lazima utembee na bango. Akina mama wa Apaa, kaskazini mwa Uganda, 2015 walivua nguo mbele ya mawaziri kutetea ardhi yao, na kwa Waacholi hiyo ni laana, sio mchezo. Wafanyabiashara wa Kampala Aprili 2024 walifunga tu maduka kwa sababu ya ule mfumo wa risiti wa EFRIS, hadi Rais akakaa nao. Kikuubo, soko la jumla la Kampala, ikifungwa, duka la mbali kama la Arua nalo linaanza kuishiwa bidhaa, na polisi hawana tiagasi ya mtu aliyelala kwake.