Shule ya Wakweka na maneno ya mezani Tabata

Binamu yangu wa Philadelphia aliandika kwenye grupu la familia kwamba mwanawe ameanza darasa la kwanza katika shule ya Wakweka (Quakers), dhehebu la Kikristo. Jumapili hiyo, pale Tabata, pilau ilipoa watu wakibishana.

"Wakweka ndio wale wa kopo la oti?" shangazi aliuliza.

Sio hao. Mzee wa kofia pana kwenye kopo ni alama ya biashara iliyosajiliwa Marekani mwaka 1877, na biashara yenyewe haikuwa ya Wakweka. Hawa hujiita Marafiki. Walianza Uingereza katikati ya karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox, na hilo jina lenye maana ya watetemekaji walibandikwa kwa dhihaka.

Mjomba akasema ni dini ya Wazungu, sisi haituhusu. Wakati nchi yenye Wakweka wengi kuliko zote duniani ni jirani zetu Kenya, ambako misheni ya Kaimosi ilianza mwaka 1902! Na kabla ya hapo, mwaka 1897, utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza walikwenda Pemba na kuanzisha shamba la karafuu huko Banani, ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira. Ila ukienda Kaimosi ukitarajia ibada ya kimya, utakuta mchungaji, mahubiri na nyimbo za kutikisa bati. Kimya ni cha akina Philadelphia.

Na kimya hicho ndicho kilichomkera mama mkubwa zaidi: "Mtoto analipiwa ada akakae bubu?"

Shuleni ibada hiyo ya kimya huwa mara moja kwa wiki, na kwa wadogo ni ya dakika chache. Walimu na watoto huketi pamoja, hakuna mimbari. Mwenye neno husimama, akalisema, akaketi, na mtoto wa miaka sita ana haki hiyo sawa na mwalimu mkuu. Hakuna wa kumjibu papo hapo. Neno huachwa litue kwanza. Mwishoni watu hupeana mikono. Mimi nilisoma Buguruni, watatu kwa dawati, na kimya chetu kilikuwa na maana moja: mwalimu anakuja, na monita ana karatasi ya majina ya wapiga kelele. Kumbe hata mfumo wa monita aliyeueneza ni Mkweka, Joseph Lancaster, aliyefungua shule London mwaka 1798. Alipinga viboko, lakini mtoto mkorofi alimweka kwenye kapu na kumning'iniza darini wenzake wamcheke. Wema wa Marafiki nao ulikuwa na siku zake mbaya.

Siku hizi shuleni kwao hakuna fimbo wala kapu. Waliopigana huketishwa, kila mmoja aeleze kilichotokea, kisha arudie alichosema mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba ameeleweka. Mama mkubwa anaona huko ni kudekeza. Mimi naona viboko vinne ni adhabu nyepesi kuliko kumrudia adui yako maneno yake bila kuyapinda.

Watoto watabatizwa Wakweka? Marafiki hata ubatizo wa maji hawana, na wengi wa wanafunzi wa shule zao Marekani ni wa dini nyingine au hawana dini. Mabinti wa Obama walisoma Sidwell Friends ya Washington, na hawakuwa Wakweka. Ada ya shule kama hizo, hata hivyo, si ya mchezo. Usawa wanaoufundisha una bei, mjomba alisema, na hapo nilimpa haki yake.

Lililobaki ni walimu kuitwa kwa jina la kwanza, kama shule nyingi za Marafiki zinavyofanya. Chanzo chake ni Fox na wenzake, waliokataa kumvulia mkubwa kofia kwa kuwa binadamu wote ni sawa. Nimeelewa, ila shikamoo yangu siiachi.

Jioni tukampigia mtoto video. Shangazi akamuuliza anapenda nini huko shuleni. Akatutazama tu, kimya.

"Mtandao umekata," mjomba akasema, akitikisa simu.

"Haujakata," mama yake akajibu kutoka nyuma. "Anafikiria."