"Nampeleka mjini akasome": ya kuhakiki kabla mtoto hajapanda basi

Wengi wakisikia usafirishaji haramu wa watoto huwaza utekaji. Visa vingi vya Tanzania Bara havina kishindo hicho. Huja shangazi, jirani wa zamani au mwanakijiji aliyehamia Dar es Salaam, Mwanza au Arusha. Huahidi shule au ufundi cherehani, hulipa nauli, na mzazi mwenyewe humsindikiza mwanawe hadi stendi. Binti akifika hukuta shule haipo, kuna kulea, kufua na kuhudumia baa. Wavulana huishia mashambani, kwenye uvuvi, kuchunga ng'ombe au machimboni.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inatazama mambo matatu: kitendo (kumchukua, kumsafirisha, kumpokea mtu), njia (nguvu au hadaa) na lengo, yaani kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18, suala la njia haliulizwi. Ridhaa ya mtoto, mzazi au mlezi si utetezi. Hapa ndipo hata viongozi wa mitaa hukwama: wakisikia "baba yake alikubali", wanafunga daftari.

Si kila mtoto anayeishi kwa ndugu amesafirishwa, na malezi ya ukoo yamesomesha wengi nchini. Kinachotenganisha ni unyonyaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyodhuru afya wala masomo, tena yenye malipo. Inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Msichana wa kazi wa miaka 13 anayeosha vyombo saa 5 usiku amevunjiwa sheria hata kama mshahara unalipwa.

Ahadi ya shule inapimika. Uliza jina la shule na kata ilipo, kisha umwambie anayemchukua mtoto mwende pamoja kwa mwalimu mkuu kushughulikia uhamisho. Anayekwepa karatasi za uhamisho hana mpango wa shule. Anayejigamba kulipa ada ya shule ya msingi ya serikali naye aulizwe vizuri, maana ada hiyo haipo.

Halafu nendeni kwa mtendaji wa kijiji. Anayemchukua mtoto aandikishe jina kamili, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), simu, mtaa anaoishi na jina la mwenyekiti wa mtaa huo. Mpigie mwenyekiti huyo kabla ya safari, si baada. Cheti halisi cha kuzaliwa kibaki nyumbani, itolewe nakala. Mtoto akariri namba ya mzazi kichwani, kwa sababu simu na vikaratasi huwa vya kwanza kuchukuliwa.

Akishaondoka, shtuka ukiona kila simu inapokelewa na mwenye nyumba, mshahara unapitia kwa dalali, au unaambiwa bado "anakatwa nauli". Deni la nauli lisiloisha ndiyo kamba yenyewe. Kwa majirani wa mjini, dalili ni mtoto wa umri wa shule anayeonekana nyumbani siku zote za masomo na hajui hata jina la mtaa anaoishi.

Piga 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto, au nenda serikali ya mtaa, kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Usianze kwa kumkabili mwajiri: mtoto anaweza kuhamishwa usiku uleule. Usimchangie nauli na kumrudisha kijijini kimyakimya pia. Huenda aliyemtoa ni ndugu na bado anamsubiri. Ofisa ustawi huichunguza familia kwanza. Kumalizana kifamilia ndiko kunakoua kesi nyingi, kwani shahidi hugeuka na dalali hurudi kuchukua mwingine.

Hifadhi jumbe za simu na miamala ya pesa, usifute kitu. Mtoto akiwa amebakwa, afikishwe hospitali haraka, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia VVU. Asiogeshwe kabla ya uchunguzi. Nguo zake zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi.