Obi Okonkwo Hakuwa na Tamaa ya Pesa

Jana usiku stima ilipotea hapa Kisumu, nikasahihisha majibu ya wanafunzi wangu kwa tochi ya simu. Pengine hasira hii imetokana na hilo. Swali: eleza kinachomporomosha mhusika anayekimbilia mali na cheo. Karatasi ya kwanza: pesa ni chanzo cha maovu yote. Ya pili, vivyo hivyo. Ya sita ikaongeza "tamaa mbele, mauti nyuma", ikaweka nukta, mjadala umefungwa. Nikaacha kalamu, nikaenda kuchemsha chai.

Kwanza, Biblia yenyewe wanaidhulumu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba "shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha". Kupenda! Na shina moja, si msitu mzima.

Makbeth wa Shakespeare nimalizane naye upesi. Ni jemadari, ana ardhi, ana cheo, na mfalme kamwongezea kingine. Bado anamuua mfalme huyohuyo, Duncan, mgeni aliyelala nyumbani kwake. Nionyesheni pesa iko wapi hapo.

Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, kuna ndugu wawili ambao wanafunzi huwatia gunia moja. Mtemi Nasaba Bora ananyakua ardhi. Majisifu anaiba mswada wa Amani na kuutoa kwa jina lake. Mwizi wa mswada hatafuti ugali. Anatafuta kuitwa mwandishi. Jina lenyewe limeshasema, jamani, Majisifu! Halafu mtu ananiandikia "tamaa ya pesa".

Lakini anayeniumiza kichwa ni Obi Okonkwo wa Chinua Achebe, katika riwaya ya 1960 tunayoisoma kwa Kiswahili kama Hamkani si Shwari Tena. Tunamkuta kortini kwa hongo ya pauni 20, jaji akishangaa kijana msomi namna hii aliingiaje humo. Yanayofuata ni mbinu rejeshi, hadithi inarudi nyuma. Wanafunzi wangu huikamata ile hongo ya mwanzo na kutoa hukumu kabla ya jaji. Hawapigi hesabu. Basi nipige mimi.

Chama cha watu wa Umuofia, kijiji chake, waishio Lagos kilimkopesha pauni 800 akasome Uingereza. Karudi, kaajiriwa serikalini, na mshahara wake haufiki pauni 50 kwa mwezi. Toa 20 za chama. Toa 10 za wazazi. Kuna karo ya mdogo wake. Kisha inakuja bima ya gari, pauni 40 kwa mpigo. Gari la nini? Ofisa wa ngazi ile hapandi basi, hilo tu. Siku ya kumpokea alifika bila koti kwa sababu ya joto, na waliomchangia hawakupendezwa. Kiingereza chake nacho kilikuwa chepesi mno. Wao walitaka cha kuvunja meno. Na kumbukeni, wa kwanza kumjia na harufu ya hongo, Obi alimkatiza.

Mahali ninapopenda kusimama darasani ni pale anapokiomba chama kimpe muda. Wanakubali, miezi minne. Ameshaokoka! Mwenyekiti anagusia habari za Clara, mchumba wake ambaye ni osu, yaani wa ukoo uliotengwa na Waigbo. Obi anawaka, anatoka, anasema ataanza kulipa mwezi huohuo. Mwenye tamaa ya pesa angenyamaza, akachukua miezi yake minne, akaenda zake.

Asiyemwelewa Obi aje harambee ya Jumamosi huku kwetu, Seme au Vihiga, ya karo au ya matanga. Mwenye kipaza sauti anataja jina, anataja kiasi, anangoja makofi. Mtu wa mjini hatajwi na mia mbili. Mimi mwalimu niliwahi kutoa elfu tano za mkopo wa simu, nikala sukuma wiki bila nyama hadi mwisho wa mwezi. Ile pesa sikuipenda, ilipita mikononi kama maji. Nilipenda yale makofi. Kiswahili kina neno lake, kupenda makuu, na sijui kwa nini halimo katika miongozo.

Sasa shaka zangu. Nikimtetea Obi hivi, kuna kipindi natahayari. Mwishoni hongo zinaendelea hata baada ya madeni kadhaa kulipwa, na kuna msichana aliyekuja kutafuta ufadhili wa masomo ambaye Obi analala naye. Hapo hapana chama, hapana kipaza sauti, hapana anayepiga makofi. Huenda heshima ndiyo iliyomfungulia mlango, kisha akazoea kuishi ndani. Huenda pia nampenda mno na namtafutia visingizio. Mwaka jana nilifundisha jibu moja, mwaka huu nafundisha jingine.

Aibu kubwa zaidi ni kwamba mwongozo wa kusahihisha, tuliouandika idarani na mimi nikiwemo, unasema: tamaa, alama mbili. Kwa hiyo nilimaliza chai nikarudi kutia vema kwenye "tamaa mbele, mauti nyuma", moja baada ya nyingine.

Karibu na mwisho wa bunda nikakuta binti mmoja, mkimya, wa dawati la nyuma. Ameandika: "Obi aliona haya watu wajue hana." Mwongozo hauna nafasi ya jibu hilo. Nimempa mbili kwa penseli, tusubiri mkuu wa idara atasemaje Jumatatu.